Neno la Mwenyewe

Kila asubuhi, kabla uji haujaiva, Mpambe aliwaamkia wazee wa makao ya Itundulu. Alikuwa kishikizo cheusi, kidogo kama kifungo cha koti, kilichobanwa kwenye kola ya kila mzee, na sauti yake ilikuwa ya kijana aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, Bibi. Umeamkaje?"

Bibi Nyamizi alikuwa amelala ameketi usiku kucha, kwa sababu akilala chali maji yalimpanda kifuani. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka vifundo vya miguu havionekani. Alivuta mtandio wake ukakaa sawa, akapumua mara mbili kwenye mpira wa mtambo wa hewa, akajibu kwa heshima zote.

"Marahaba, mwanangu. Sijambo, namshukuru Mungu. Sijui wewe?"

"Nami sijambo, Bibi. Asante." Na huko alikokuwa akipeleka habari zake, Mpambe akaweka kumbukumbu kwamba Bibi Nyamizi hajambo.

Muuguzi Sikudhani Pazi alikuwa mlangoni na beseni la maji ya moto. Alisonya. Aliingia, akamvua bibi kile kishikizo kama alivyofanya kila siku kabla ya kumwogesha, akakitia kwenye mtoto wa meza chini ya khanga zilizokunjwa, akaufunga. Mpambe hakupenda maji, na mwanamke anayeogeshwa hahitaji kijana wa kumsikiliza, hata kama kijana mwenyewe ni wa kutengenezwa. Mtoto wa meza ulipofungwa, chumba kilibadilika.

"Wewe kibibi, bado uko?" alisema Sikudhani. "Mimi nimebeba beseni nikidhani leo naosha maiti."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Mzaramo mwizi wewe! Utaniosha saa ngapi, wakati macho yako yako kwenye hereni zangu? Nazikwa nazo hizi."

"Zikwa nazo. Nitakufukua."

"Fukua. Utanikuta nimezimeza."

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mambo hayo yalianza zamani mno, mababu wa huku walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani na mababu wa kule wakiwapokea, na nani alimwibia nani katika biashara ile halijaeleweka mpaka leo. Serikali zimekuja na kupita, reli ya kwanza imezeeka na ya pili nayo ikazeeka, utani umebaki. Mtani hasusi wala hashtaki. Anaruhusiwa kukupokonya kofia sokoni, kujilaza kwenye mkeka wa msiba wako akiiga unavyokoroma, na kukutamkia waziwazi jambo ambalo ndugu yako wa damu angelimeza. Nawe unamjibu vilevile, na yaliyosemwa yanaishia hapohapo. Sikudhani alipohamishiwa Tabora hakumjua mtu hata mmoja. Bibi Nyamizi alimpokea kwa matusi siku ile ile aliposikia jina la Kizaramo la Pazi, na Sikudhani, aliyekuwa amelia garini njia nzima, akajua kwamba amefika kwa watu.

"Haya niambie," alisema sasa, akimsugua mgongo. "Umelala?"

"Nilale wapi? Nimekaa kama chura kisimani. Nikifumba macho nazama." Bibi alilisema hilo akicheka, kwa sababu alikuwa akimwambia mtani. Kisha akadai apewe matobolwa yake, akatafuna kipande kimoja cha kiazi kikavu polepole, kama mtu anayekula kwa kumbukumbu tu.

Sikudhani alimkausha, akamvika, akakirudisha kishikizo kwenye kola. Bibi alinyoosha shingo na kuwa tena mama wa heshima asiye na shida na mtu.

*

Injinia Naelijwa Mshana wa Mfuko wa Uzee alifika na gari lisilo na dereva na habari zisizo na sukari. Alikaa kwenye benchi la baraza, akavua viatu vilivyojaa vumbi, akasema moja kwa moja.

"Itundulu mna mitambo miwili ya hewa. Mmoja unaondoka Ijumaa."

"Unakwenda wapi?"

"Wodi ya watoto, hospitali ya mkoa. Usiniangalie hivyo, dada. Nimetoka huko sasa hivi. Wanawapokezana mpira mmoja watoto watatu."

Sikudhani alikuwa amejiandaa kugomba, akaketi kando yake. Hakuwa mjinga wa hali ya nchi. Watoto wa zile shule zilizofurika, waliokaa sakafuni mia kwa darasa na kukua wakinunua bando na kupanda bodaboda, walikuwa wamezeeka wote kwa mpigo. Mfuko ulijengwa wazee wakiwa wachache. Sasa ulikuwa blanketi la mtu mmoja kwa familia nzima, ukimvuta huyu unamfunua yule, na Mpambe aliletwa ili angalau uvutwe kwa haki.

"Nani ataachwa bila?" aliuliza. Mitambo hiyo ilikuwa na wenyewe. Mmoja ulikuwa wa Bibi Nyamizi, mwingine wa Mwalimu Sizya wa chumba cha pili.

"Mpambe ataamua. Mpaka sasa Mwalimu Sizya na Bibi Nyamizi wote wanasema hawajambo, ila Mwalimu amewahi kutaja kikohozi. Kwa hiyo mtambo wa bibi ndio unaondoka."

"Mwalimu nimemtoa kwenye mpira asubuhi nzima, akatembea hadi chooni na kurudi. Bibi nikimtoa kwa muda wa kuchemsha chai, midomo inageuka rangi. Mpambe anahesabu mapigo ya moyo. Haoni?"

"Anaona. Lakini kuna Neno la Mwenyewe."

Sheria ile kila mtu aliijua, na Sikudhani mwenyewe aliishangilia ilipopita. Kabla yake mitambo ilikuwa ikipima damu na pumzi na kutoa hukumu. Mzee mmoja alirudishwa nyumbani kwa sababu vipimo vilisema ni mzima, huku yeye akipiga kelele kwamba anaumwa. Alifia njiani. Mahakama ikatamka kwamba mtu asiamuliwe kinyume cha kauli yake mwenyewe juu ya mwili wake, na toka siku hiyo kauli ya mzee ikawa nzito kuliko kipimo, na kuliko maneno ya muuguzi pia, maana wauguzi walishawahi kupendelea shangazi zao.

"Sheria ni nzuri," alisema Sikudhani. "Tatizo mmemfundisha kuamkia."

"Wazee walilalamika kwamba chombo hakina adabu. Kinamwuliza mtu mzima anaumwa wapi bila hata shikamoo. Tukakipa adabu."

"Na kabla ya hapo mlikijaribu kwa nani?"

"Kwa watu waliopiga simu zahanati. Maelfu."

"Injinia, mtu akipiga simu zahanati anakwenda kusema kinachomuuma. Mtu akiamkiwa anajibu salamu. Wewe mama yako akifiwa, ukimuuliza habari za nyumbani, anasemaje?"

 Naelijwa alianza kuvaa kiatu kimoja, akakiacha. "Anasema nzuri," alisema hatimaye. "Kisha ndiyo anasema tumefiwa."

"Na Mpambe hangojei hiyo kisha."

"Hangojei." Alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Nitalipeleka. Nakuahidi nitalipeleka. Lakini kumfundisha upya kunataka bajeti, na bajeti ni mwaka ujao. Ijumaa niko hapa. Kama bibi anaumwa, basi aseme."

*

Basi Sikudhani akafungua darasa la kulalamika. Aliwakusanya wazee barazani baada ya uji, akawaeleza kwamba Mpambe akisema shikamoo, wasimjibu kama wanavyomjibu mkwe. Waseme wanavyojisikia.

Halikuwa darasa rahisi. "Marahaba, sijambo," alianza mmoja, akajishika mdomo. "Sijambo ila siwezi kusimama," alijaribu mwingine, wote wakacheka, kwa sababu ilisikika kama utovu wa adabu wa mtoto. Mwalimu Sizya peke yake ndiye aliyeshika haraka. Alikuwa amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, na mtihani aliutambua hata ukija umevaa nguo za nyumbani. Alijinyoosha, akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti ya kukariri, "Marahaba, kijana. Sijisikii vizuri. Nakohoa, kifua kinabana, na nguvu zinaniishia." Wenzake wakampigia makofi. Yote aliyosema yalikuwa kweli, ila kwake yalikuja na kuondoka.

Bibi Nyamizi alisikiliza somo lote akiwa kwenye kiti chake, mpira puani. Sikudhani alipomrudisha chumbani alikivua kishikizo, akakifungia kwenye mtoto wa meza, akapiga magoti mbele yake. Safari hii hakutania.

"Bibi, kesho asubuhi akikuamkia, mwambie huwezi kulala. Mwambie unazama. Basi, maneno hayo tu."

"Nikisema, mtambo utakaoondoka ni wa nani?"

Sikudhani aliinamia miguu yake iliyovimba.

"Wa Mwalimu," alisema Bibi. "Si ndiyo? Mwanangu Masanja alikuwa mzito, shule nzima walimwita gogo. Mwalimu Sizya alimkalisha barazani kwake kila jioni mpaka akajua kusoma. Mwanangu alikufa akiwa mtu anayejua kusoma. Leo nimpokonye mwalimu wake pumzi?"

"Mwalimu anaweza kukaa bila. Wewe huwezi, Bibi. Mimi ndiye ninayewapima."

"Wewe unapima. Mimi ndiye nitakayekaa chumba cha pili nikimsikia anakohoa." Bibi aliinamisha kichwa, akapumzika kidogo. Alikuwa ameendesha treni ya umeme kutoka Tabora kwenda Mwanza na kurudi hadi nywele zikawa nyeupe, na hajawahi kuiachia treni njiani kwa kuumwa, hata ile mara aliyoendesha na homa na kushukia mikononi mwa watu. "Halafu nikikwambia sina jambo, niache niwe sina jambo. Hicho ndicho kilichobaki changu. Kila kitu kingine mnaninyanyulia nyie."

Sikudhani alitoka nje akasimama kwenye jua kali la Oktoba. Alimwonea Bibi hasira. Alimwonea pia huruma, na aliogopa, na hakuweza kutenganisha kimoja na kingine. Kumwacha afe kwa sababu ya adabu hakukumwingia akilini. Lakini alikuwa ameombwa, na aliyeomba alikuwa na akili zake timamu.

*

Alhamisi, Bibi akiwa ameshamjibu Mpambe kwamba hajambo, Sikudhani alikuja na beseni kama kawaida. Alimvua Bibi kile kishikizo kama kawaida. Akauvuta mtoto wa meza, akaupiga ukajifunga kwa kishindo, na kishikizo akakitia kwenye mfuko wa aproni yake.

 Alijiambia kwamba hasemi uongo wowote. Alijiambia kwamba neno litakalotoka ni neno la mwenyewe, na kwamba sheria haikusema liwe limesemwa kwa nani.

"Wewe kibibi," alisema, na sauti yake ilitoka sawasawa kabisa, "unakufa lini? Niambie nipange safari. Nataka nifike na sufuria langu mwenyewe, nyie Wanyamwezi pilau lenu mnapika kama zege."

"Karibu, mwizi wangu. Anza kuosha sufuria."

"Karibu lini? Kila siku karibu karibu."

"Unaona miguu hii? Hii si miguu, ni magunia ya mpunga. Jana usiku nimeita mama yangu, nikasahau kwamba amekufa." Bibi alicheka, kisha kicheko kikamwishia katikati. Sikudhani aliendelea kusugua, hakuthubutu kumtazama usoni. "Pumzi inafika hapa tu," alisema Bibi, akajigusa chini ya koo. "Haishuki. Nikilala nazama, nikiketi nazama polepole. Na nikwambie kitu, Mzaramo, usiende kunicheka huko kwenu. Naogopa. Mimi niliyekuwa navuka daraja na abiria elfu mgongoni, naogopa kulala usingizi."

Kitu kilitetemeka mfukoni mwa aproni.

"Pole sana, Bibi," ilisema ile sauti ya kijana aliyelelewa vizuri. "Nimekusikia."

Maji yalidondoka kutoka kwenye kitambaa. Bibi aliutazama mfuko wa aproni, akautazama mtoto wa meza uliofungwa, kisha akamtazama Sikudhani. Hakupiga kelele. Alikunja mikono juu ya kifua kitupu, kama mwanamke aliyekutwa na mgeni bafuni.

"Bibi, nisamehe. Bibi, ungekufa."

"Nipe nguo yangu," alisema Bibi Nyamizi.

*

Ijumaa Injinia Naelijwa alikuja na punda, ile mashine ya miguu minne ya kubebea mizigo, ikaingia chumba cha pili na kutoka na mtambo wa Mwalimu Sizya mgongoni. Alimweleza Mwalimu mwenyewe, amesimama, bila kuzungukazunguka, na alimwambia unakwenda kwa watoto. Mwalimu alimshukuru kwa kuja. Aliuliza watoto hao wana umri gani. Alipoambiwa, alitikisa kichwa akasema hapo sawa, hao bado hawajaanza hata darasa la kwanza.

Mlangoni Injinia alimshika Sikudhani mkono. "Kauli ya bibi ilibadilika ghafla mno," alisema. "Nimeisikiliza. Nimesikia na wewe ulivyouliza." Akangoja. Sikudhani aliutazama mfuko wa aproni yake. "Ni kauli yake, ni sauti yake. Hakuna kipengele kinachonizuia kuipokea. Nilitamani kiwepo, kisha nikashukuru hakipo. Sijui hata mimi nimekuwa mtu gani."

Mwalimu alikaa vizuri Jumamosi. Jumapili vumbi lilivuma kutoka upande wa mashamba ya tumbaku, na kikohozi chake kikaanza kupita ukutani, kirefu, kikavu, kikikatika na kurudi. Sikudhani alimpa mvuke na dawa, akamwinulia mito. Alimuuliza anajisikiaje. Mwalimu, aliyeongoza darasa la kulalamika, alimwangalia kwa upole akasema, "Sijambo, mama. Usihangaike." Mtambo wa kupigania haukuwepo tena, kwa hiyo majibu ya mtihani hayakuwa na kazi.

Katika chumba cha kwanza Bibi Nyamizi alikuwa akipona, kwa kiasi ambacho mwili ule ungeweza kupona. Mpambe alimwongezea dawa ya kukausha maji. Vifundo vya miguu vilianza kuonekana. Alilala usiku, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Kila kitu alichokitaka Sikudhani kilitokea.

Jumatatu aliingia na beseni. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri, ameyajaribu kwa sauti akiwa anajifunga aproni, kama mtu anayekwenda kuposa.

"Wewe kibibi, bado uko? Mimi nilishaazima sufuria kwa jirani."

"Niko, mwanangu," alisema Bibi Nyamizi. "Karibu ndani."

Alikuwa ameketi wima, mtandio umekaa sawa. Sikudhani alisogea, akanyoosha mkono kukivua kishikizo kwenye kola. Bibi alikifunika kwa kiganja chake.

"Kiache tu. Hakinisumbui."

"Nataka kukuogesha, Bibi."

"Leo nitajipangusa mwenyewe. Weka beseni hapo, Mungu akubariki. Unafanya kazi kubwa."

Hapakuwa na hasira kwenye sauti yake, na Sikudhani alitafuta kwa bidii, maana kwenye hasira angepata pa kushika. Mtani hasusi. Mtani akikukosea unamtukana, unamnyang'anya kitu, yanaisha. Lakini Bibi hakuwa amesusa. Alikuwa anampa adabu zote anazopewa mgeni, na macho yake yalimtazama kwa wema ule ule ambao kila asubuhi aliutumia kwa Mpambe. Hereni zilikuwa masikioni. Sikudhani alifikiria kuzisema, akaona hana ruhusa.

Kule ng'ambo ya ukuta Mwalimu alianza kukohoa. Wote wawili walisikiliza mpaka kikohozi kikatulia. Mtambo ulivuta hewa na kuitoa, taratibu, bila kukosea.

Sikudhani aliweka beseni chini. Alipiga goti kidogo kama alivyofundishwa na mama yake akiwa mdogo, na akasema neno ambalo tangu ahamie Tabora hajawahi kulihitaji ndani ya chumba kile.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo," alisema Sikudhani.